Timazi ya Mgongo

Najua nimenyamaza karibu mwezi mzima. Sikuhama. Nilikuwa nimemezwa na kijiprogramu ambacho nilidhani ni kazi ya Jumamosi moja, kumbe kilikuwa kinanivuta polepole hadi kwenye historia ya miaka sabini na zaidi ya madaktari kunyoosha migongo ya watu. Leo hakuna msimbo mwingi. Wale ambao hawapendi habari za mifupa na vyuma warudi wiki ijayo, nitaandika juu ya hifadhidata.

Mambo yalianza kwa binamu yangu ambaye hupiga picha za eksirei hospitalini. Alikuwa akipima pembe za uti wa mgongo kwa kubandika rula ya plastiki kwenye skrini. "Kijana," akaniambia (amenizidi miaka kumi, kwa hiyo nitakuwa kijana hata nikiota mvi), "nyinyi mnaokaa na tarakilishi mchana kutwa, hamwezi kunitengenezea kitu cha kupima hii?" Nikamwambia, dada, hiyo ni hesabu ya sekondari. Bofya nukta mbili upate mstari, bofya nyingine mbili upate mstari wa pili, programu itakupa pembe.

Na kweli pembe ilipatikana kwa jioni moja. Kosa langu lilikuja baadaye, nilipotaka kuonyesha ujanja. Niliona si vizuri kumpa mtu namba tupu, afadhali programu imwambie kama namba hiyo ni nzuri au mbaya. Nikasoma mahali kwamba mbonyeo wa kiuno, yaani ile sehemu ya chini ya mgongo inayoingia ndani ukimtazama mtu kwa ubavu, kwa kawaida ni kati ya digrii 40 na 60. Nikaandika hivyo hivyo. Ndani ya 40 na 60, rangi ya kijani. Nje ya hapo, nyekundu. Nikaenda kulala nikijiona mhandisi.

Baada ya siku mbili binamu akanipigia. Alikuwa amejaribu programu kwa picha mbili zilizofutwa majina. Ya kwanza ni ya kijana mzima kabisa, mcheza mpira, asiye na maumivu yoyote: mbonyeo digrii 37. Programu ikampaka nyekundu. Ya pili ni ya mama wa miaka hamsini na kitu, ambaye alifanyiwa upasuaji wa mgongo akiwa msichana wa shule na sasa hawezi kusimama wima zaidi ya dakika chache: mbonyeo digrii 42. Programu ikampaka kijani.

"Umemwambia mzima ni mgonjwa, na mgonjwa umemwambia aende nyumbani," akasema binamu. "Hebu tazama magoti ya huyu mama."

Nikatazama. Picha ilikuwa ndefu, kuanzia kichwani hadi chini ya magoti, imepigwa kwa ubavu. Mgongoni kulikuwa na ufito mmoja wa chuma, umenyooka kama rula, na kulabu juu na kulabu chini. Kichwa kilikuwa mbele ya nyonga. Magoti yalikuwa yamekunjwa, kama ya mtu anayetaka kuketi lakini kiti hakipo. Hakuwa ameambiwa ayakunje. Hiyo ndiyo namna pekee aliyoweza kusimama bila kuanguka mbele.

Nikataka kujua: kile chuma kilitoka wapi, na nani alisema kinyooke vile?

Tuanze na 1948. Mwaka huo John Robert Cobb, daktari wa mifupa wa New York, alieleza namna ya kupima mgongo uliopinda kando, ugonjwa unaoitwa skoliosisi. Unachora mstari juu ya pingili iliyoinama zaidi upande wa juu wa pindo, mwingine chini ya ile iliyoinama zaidi upande wa chini, unapima pembe kati yake. Ni njia rahisi, na ndiyo inayotumika hadi leo. Programu yangu ya kwanza haikuwa chochote ila hiyo. Lakini Cobb alikuwa akipima picha iliyopigwa kutoka mbele. Namba ya ugonjwa ikawa namba ya mbele. Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili vizuri: ukishaipa timu namba moja ya kushusha, wataishusha, na yale usiyoyapima yatajitunza yenyewe au yatakufa.

Mwenye kuishusha namba hiyo kwa nguvu zote alikuwa Paul Harrington wa Houston, Texas. Baada ya Vita Vikuu vya Pili polio iliwapiga watoto wengi Marekani (chanjo ya Salk ilipatikana 1955), na wengi waliopona walibaki na misuli dhaifu upande mmoja. Mgongo ukawa unaporomoka kama hema lililokatwa kamba. Wengine walishindwa hata kupumua vizuri, na plasta ya kuwabana kifua iliwazidishia taabu. Harrington alianza kutafuta namna ya kuushikilia mgongo kutoka ndani. Alijaribu skrubu, zikashindwa, akaja na ufito wenye meno na kulabu mbili. Kulabu moja inashika pingili ya juu, nyingine inashika ya chini, halafu zinatenganishwa jino kwa jino. Ukishawahi kubadilisha gurudumu la gari barabarani unaijua mashine hiyo. Ni jeki.

Alichapisha matokeo yake 1962. Ilieleweka kwamba chuma peke yake huchoka na kuvunjika, kwa hiyo pingili ziliunganishwa kwa mifupa ya kupandikizwa ili ziwe fupa moja, na mgonjwa akakaa kwenye plasta miezi mingi. Kwa zaidi ya miaka ishirini hiyo ndiyo ilikuwa njia kuu duniani. Sitaki mtu asome hapa akadhani Harrington alikuwa mzembe. Kabla yake watoto hao walikuwa na plasta na maombi. Aliokoa mapafu, aliokoa maisha, na picha zake za kabla na baada, zikitazamwa kutoka mbele, zinastaajabisha.

Sasa zitazame kwa ubavu. Kulabu zinashika sehemu ya nyuma ya pingili. Ukiitanua jeki, unarefusha upande wa nyuma wa mgongo, na upande wa nyuma wa kiuno ndio uliotakiwa kuwa mfupi, maana kiuno kimebonyea kuelekea ndani. Kirefushe na mbonyeo unafutika. Kulabu ya chini ikiwekwa juu juu madhara ni madogo. Ikishuka hadi pingili ya nne au ya tano ya kiuno, au hadi kwenye sakramu (ule mfupa wa pembe tatu unaobeba uti wote wa mgongo), kiuno kinakuwa bapa kama ubao, halafu kinaunganishwa kikiwa hivyo. Kwa kudumu.

Na waliofanyiwa hivyo wengi walikuwa wasichana, kwa sababu skoliosisi inayozidi hadi kuhitaji kisu huwapata wasichana zaidi ya wavulana. Wakiwa na miaka kumi na minne hawakuona tatizo. Pingili chache zilizobaki huru chini ya chuma zilijikunja zaidi ya kawaida yao na kuficha deni. Miaka kumi na tano, ishirini ikapita, pingili zile zikachakaa, deni likadaiwa. Mtu anaamka asubuhi amesimama vizuri, ikifika saa tisa alasiri anaanza kuinamia mbele, jioni anashika ukuta.

Madaktari waliliona jambo hili polepole. Mwaka 1973 Doherty alieleza wagonjwa wa namna hiyo. Mwaka 1977 John Moe, aliyekuwa rais wa kwanza wa Scoliosis Research Society ilipoundwa 1966, pamoja na Francis Denis, waliwasilisha ripoti juu ya kupotea kwa mbonyeo wa kiuno kunakosababishwa na daktari mwenyewe. Kipande hicho nimekirudia mara kadhaa, kwa sababu si kawaida ya watu kuandika kwamba ugonjwa umetoka mikononi mwao, na Moe alikuwa mmoja wa wakubwa wa kazi hiyo hiyo. Mwaka 1988 Lagrone, Bradford, Moe na wenzao wakachapisha habari za wagonjwa 55 waliorudishwa mezani ili mfupa ule uliounganishwa ukatwe na kuinamishwa upya. Zaidi ya nusu walipata matatizo ya upasuaji. Karibu nusu waliendelea kuinamia mbele.

Kinachoniuma ni kwamba mtazamo wa ubavuni haukuwa siri. Mwaka 1945, miaka mitatu kabla ya Cobb, Smith-Petersen wa Boston na wenzake walikuwa wameeleza namna ya kukata mifupa ya nyuma ya mgongo kwa watu ambao baridi yabisi imeugandisha mgongo wao kama kibiongo, hawawezi kutazama mbele ila chini. Kwa wagonjwa hao kila mtu alitazama ubavuni, kwa sababu ugonjwa ulikuwa ubavuni. Kwa wasichana wa skoliosisi pindo lilikuwa mbele, basi macho yakabaki mbele. Idara moja, chumba kimoja cha upasuaji, na taarifa haikuvuka kutoka faili moja kwenda jingine. Wanaofanya kazi katika makampuni makubwa wananielewa.

Ngoja niulize swali la kitoto: kwa nini tuna mbonyeo huo? Mtazame sokwe akisimama kwa miguu miwili. Kiuno chake ni kifupi na kimenyooka, kwa hiyo ili uzito usimvute mbele inambidi akunje nyonga na magoti. Hachoki kwa uvivu, anachoka kwa sababu misuli ya mapaja inafanya kazi kila sekunde. Binadamu aliondokewa na kazi hiyo kwa kukipinda kiuno, kiwiliwili kikaja juu ya nyonga na magoti yakanyooka. Ushahidi wa mabadiliko haya tunao hapa kwetu Nairobi: Mvulana wa Turkana, ambaye Kamoya Kimeu aligundua mabaki yake Nariokotome 1984, aliishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita na alitembea wima. (Kwa muda baadhi ya wataalamu walisema naye alikuwa na skoliosisi. Uchunguzi wa baadaye ulipinga hilo.) Sasa rudi kwa yule mama wa kwenye picha. Kiuno bapa, magoti yamekunjwa. Alikuwa amerudishwa kwenye msimamo wa sokwe, na misuli yake inalipa bili ile ile.

Miaka ya 1970 Eduardo Luque wa Mexico alianza kufunga ufito kwa waya kwenye kila pingili badala ya kulabu mbili tu, lengo moja likiwa mgonjwa asihitaji plasta. Ufito wa Luque uliweza kupindwa ufuate umbo la mgongo. Mwaka 1983 Wafaransa wawili, Yves Cotrel na Jean Dubousset, wakaanza kutumia fito mbili zenye kulabu nyingi. Ujanja wao ulinifurahisha kama mtu wa jiometri: unaupinda ufito ufuate pindo la kando, unaufunga, halafu unauzungusha digrii 90. Pindo lililokuwa kando linageuka kuwa mbonyeo wa ubavuni. Kosa linahamishwa mahali linapohitajika!

Lakini sasa likazuka swali ambalo ndilo lililoikwamisha programu yangu. Sawa, turudishe mbonyeo. Digrii ngapi?

Hapa ndipo anapoingia mtu ninayempenda kuliko wote katika kisa hiki, Ginette Duval-Beaupère, Mfaransa, ambaye alikwisha kujulikana kwa kueleza jinsi skoliosisi inavyokwenda mbio mtoto anapobalehe. Yeye na wenzake walitumia mashine ya miale ya gama kupima mwili wa mtu kipande kwa kipande, wajue kila kipande kina uzito gani na kitovu cha uzito wake kiko wapi juu ya uti wa mgongo na nyonga. Yaani badala ya kuuliza mgongo mzuri unafananaje, waliuliza mtu anasimamaje kwa gharama ndogo zaidi. Kazi hiyo ilitoka 1992. Kisha 1998 Legaye, Duval-Beaupère, Hecquet na Marty wakachapisha makala iliyobadilisha mambo, juu ya pembe wanayoiita insidensi ya fupanyonga.

Nieleze kwa lugha ya nukta, maana ndivyo nilivyoielewa. Tafuta katikati ya vichwa viwili vya mifupa ya paja, pale yanapoingia kwenye nyonga. Hiyo nukta A. Tafuta katikati ya uso wa juu wa sakramu. Hiyo nukta B. Chora mstari A hadi B. Halafu kutoka B chora mstari ulio wima juu ya uso ule wa sakramu, ukielekea chini. Pembe kati ya mistari hiyo miwili ndiyo insidensi.

Uzuri wake ni huu. Katika mtu mzima fupanyonga na sakramu zimeshikana karibu kama fupa moja. Mtu akiinama, akinyooka, akizunguka, A na B na uso wa sakramu vinakwenda pamoja, kwa hiyo pembe haibadiliki. Ni kigeu kisichogeuka, kama namba ya kitambulisho. Na ni jumla ya pembe nyingine mbili ambazo zinabadilika: mteremko wa sakramu, yaani uso ule umelala kiasi gani, na mwinamo wa fupanyonga, yaani limezunguka nyuma kiasi gani juu ya vichwa vya mapaja. Moja ikipungua tano, nyingine inaongezeka tano.

Watu wazima wengi wana insidensi ya digrii 50 na kitu, lakini wapo wenye 35 na wapo wenye 80. Mwenye 35 sakramu yake haina mteremko mkubwa, na kiuno chake kinahitaji mbonyeo mdogo tu. Mwenye 80 anahitaji mbonyeo mkubwa. Kwa hiyo ule mpaka wangu wa 40 hadi 60 ulikuwa upuuzi mtupu, sawa na kuuza viatu vya namba 8 kwa mji mzima kwa kuwa 8 ndiyo wastani.

Nikazifungua tena picha mbili za binamu na kubofya nukta mpya. Mcheza mpira: insidensi 36, mbonyeo 37. Vinalingana. Yule mama: insidensi 72, mbonyeo 42. Pengo la digrii 30. Na mteremko wa sakramu yake ulikuwa 37, mwinamo 35, jumla 72, hesabu imetimia hadi nikashtuka. Mwinamo wa 35 maana yake alikuwa amelizungusha fupanyonga nyuma kwa nguvu zote ili kurudisha kichwa juu ya miguu. Lilipofika mwisho wake, akakunja magoti. Yote yalikuwa ndani ya picha ile siku zote. Mimi sikuwa nimeuliza.

Kuna namba moja zaidi, na hii hata fundi wa mawe angeielewa: timazi. Unaning'iniza mstari wima kutoka pingili ya saba ya shingo, unapima umepita umbali gani mbele ya kona ya nyuma ya sakramu. Mwaka 2005 Steven Glassman na wenzake nchini Marekani waliwatazama wagonjwa 352 ambao timazi yao ilikuwa mbele, wakaona kwamba kadiri ilivyosogea mbele ndivyo wagonjwa walivyoeleza maumivu na ulemavu zaidi. Mwaka 2012 Frank Schwab na wenzake wakaziweka namba hizi katika mpangilio mmoja: pengo kati ya insidensi na mbonyeo lisizidi digrii 10, timazi isizidi sentimita 4, mwinamo usizidi digrii 20. Dubousset kwa upande wake alikuwa ameshatoa picha ya pia: miguu iko chini kwenye ncha, mwili unayumba juu ndani ya pia, na ukiwa ndani hutumii nguvu nyingi. Ukitoka nje unatumia nguvu kuzuia usianguke, kama mtu anayeshikilia ngazi iliyoinama.

Kwa nini ilichukua miaka yote hiyo? Sababu moja ni vifaa, na wataalamu wenzangu wasiidharau. Picha ndefu ya ubavuni, yenye vichwa vya mapaja ndani yake, ni ngumu kupiga. Nyonga ni nene, zinahitaji miale mingi. Mikono inafunika mgongo, na ukimwambia mgonjwa anyooshe mikono mbele unaubadilisha msimamo wenyewe unaotaka kuupima. Binamu anawaambia wakunje ngumi waziweke kwenye mitulinga. Na miale si bure. Utafiti uliochapishwa 2000 uliwafuatilia zaidi ya wanawake 5,000 wa Marekani waliokuwa na skoliosisi. Kila mmoja alikuwa amepigwa picha karibu 25 kwa wastani. Waliokufa kwa saratani ya matiti walikuwa 77, wakati waliotarajiwa ni 46 hivi. Wasichana wale wale wa chuma.

Kwa hiyo nilifurahi kukuta jina nililolijua kutoka fizikia. Georges Charpak alitengeneza mwaka 1968 huko CERN chombo cha kunasa chembe kwa kutumia nyaya nyingi nyembamba, na kikampatia tuzo ya Nobel 1992. Chombo hicho kinanasa miale kwa uangalifu kiasi kwamba unahitaji kidogo sana kupata picha. Charpak, Dubousset na wenzao wakakigeuza kuwa mashine inayoitwa EOS: mgonjwa anasimama ndani ya kibanda, miale miwili iliyo mraba inashuka kutoka kichwani hadi miguuni kwa wakati mmoja, moja mbele na moja ubavuni. Hatimaye pande zote mbili kwa pigo moja, mtu akiwa amesimama.

Watu wa nyonga nao waligonga ukuta huo huo. Mwaka 1978 Lewinnek na wenzake walisema kikombe cha nyonga ya bandia kiwekwe ndani ya pembe fulani: mwelekeo wa 40, mgeuko wa 15, kila moja na nafasi ya digrii 10 juu au chini. Walikuwa na nyonga 300, zilizoteguka ni 9 tu. Juu ya namba 9 ukajengwa "ukanda salama" wa dunia nzima. Mwaka 2016 Matthew Abdel na wenzake wa Mayo Clinic wakapitia nyonga zaidi ya 9,700. Kati ya zile 206 zilizoteguka, asilimia 58 zilikuwa ndani ya ukanda salama. Kikombe kimefungwa kwenye fupanyonga, na fupanyonga huzunguka nyuma mtu anapoketi. Mwenye mgongo uliounganishwa kwa vyuma hazunguki. Anaketi, paja linagonga ukingo wa kikombe, nyonga inateguka. Tena kipimo kilichukuliwa kwenye picha moja, mtu akiwa katika mkao mmoja.

Basi nikaandika fomula mpya, insidensi toa mbonyeo, chini ya 10 kijani, nikampelekea binamu kwa mbwembwe. Akampelekea daktari mpasuaji wa mgongo wa hapo kwao. Jibu likarudi baada ya siku moja: mgonjwa ana miaka mingapi?

Nilikuwa sijaiweka. Madaktari walipozipata namba za Schwab, wengine walianza kuwanyoosha wazee wa miaka 75 hadi kiwango cha kijana wa 25. Pingili iliyo juu tu ya chuma ikawa inavunjika au kukunjika, na mzee anarudi mezani. Mwaka 2016 Renaud Lafage na wenzake wakaonyesha kwamba malengo yanapaswa kulegezwa kadiri umri unavyopanda, kwa sababu wazee wasio na maumivu nao wameinama kidogo. Mwaka 2017 Yilgor na wenzake wa Ulaya wakatoa kipimo kingine kinacholinganisha kila kitu na insidensi ya mtu mwenyewe na kuongeza umri. Wengine walipokijaribu kwa wagonjwa wao, hakikutabiri vizuri kilivyotarajiwa. Mjadala unaendelea, na fomula yangu ya mstari mmoja imekuwa na matawi kama mwembe.

Yule mama, binamu aliniambia, alielezwa yote. Kumnyoosha kungehitaji kukata kabari ya mfupa kwenye pingili moja kuanzia nyuma, njia ambayo Thomasen wa Denmark aliieleza 1985 na inayoweza kurudisha karibu digrii 30 kwa mkato mmoja. Thelathini ndizo alizopungukiwa. Alielezwa pia damu, mishipa, miezi ya kupona, na uwezekano wa kurudi tena. Akauliza kama ni lazima. Wakamwambia si lazima. Akasema alishalala mezani mara moja kwa kuambiwa atanyooka, akachukua mkongojo wake akaenda kungoja matatu.

Nimeondoa kijani na nyekundu kwenye programu. Sasa inaonyesha insidensi, mbonyeo, mwinamo, mteremko, timazi na umri, bila rangi, na inakataa kutoa namba yoyote kama picha haionyeshi vichwa vyote viwili vya mapaja. Binamu analalamika kwamba inakataa picha nyingi mno. Bado kuna hitilafu moja: vichwa viwili visipolingana, duara langu la kubahatisha katikati linakosea kwa pikseli kadhaa. Nikiirekebisha nitaweka msimbo hapa, na mwenye njia bora ya kutafuta kitovu cha duara kwenye picha yenye ukungu aniandikie.